Fuata maji: jinsi ya kusoma siasa ndani ya riwaya za kisayansi, hatua kwa hatua

Kuna karamu moja kwenye Dune, riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1965, ambayo mtu wa Dodoma akiifikia lazima aweke kitabu chini kidogo. Duke Leto, mtawala mpya, amehamia Arrakis, sayari ya mchanga ambako maji ndiyo utajiri. Mlangoni mwa ukumbi wa chakula kumepangwa mabeseni. Kwa desturi ya wakubwa wa mji ule, mgeni anachovya mikono, anamwaga maji sakafuni makusudi, anajifuta kwa taulo na kulitupa kwenye dimbwi. Karamu ikiisha, maskini waliokusanyika nje wanapata maji yanayokamuliwa kwenye yale mataulo. Leto anachukia. Anaifuta desturi papo hapo na kuagiza kwamba, kwa muda wote wa chakula, kila atakayekuja mlangoni apewe kikombe cha maji.

Mara ya kwanza naisoma sehemu hiyo nilikuwa nimekalia dumu, tumepanga foleni kisimani tangu saa kumi na moja alfajiri. Nilimpenda Leto sana. Nimefika nyumbani, nimeshamimina maji kwenye pipa, ndipo swali likanijia: huyu bwana amebadilisha nini hasa? Kikombe kimepatikana, lakini koki bado iko mkononi mwake. Na kesho akiamka amenuna?

Tangu hapo ndivyo ninavyozisoma riwaya za kisayansi za zamani. Wengi huzifungua kutafuta roketi na viumbe vya ajabu. Mimi nasema zifungue kama unavyofungua katiba au bajeti: nani anagawa, nani anagawiwa, na nani ana ruhusa ya kuuliza. Njia hii tumeijaribu kwenye kikundi chetu cha usomaji hapa Makole, Dodoma, watu wanane hadi kumi na wawili kutegemea mvua na misiba: walimu wawili, wanafunzi wa chuo, mama mmoja mwenye shamba la zabibu, fundi bomba, na mzee wa Mvumi aliyestaafu reli. Hakuna hata mmoja wetu aliyesomea falsafa.

Hatua ya kwanza: kitabu kimoja, tena kifupi

Mwaka wa kwanza tulipanga vitabu vitano kwa miezi mitano. Tulimaliza kimoja, na hicho nacho walikimaliza watu watatu. Anza na The Time Machine ya H. G. Wells, ya mwaka 1895. Unaisoma kwa siku mbili, na kwa kuwa hakimiliki yake imekwisha, unaipakua bure kwenye simu bila kumaliza bando.

Ila sikuichagua kwa ufupi tu. Msafiri wa Wells anatua mwaka 802,701 na kukuta watu wadogo wazuri, Eloi, wanaokula matunda na kucheza mchana kutwa. Haoni nyumba ya mtu mmoja mmoja, anaona majumba makubwa ya wote, basi anajisemea: huu ni ukomunisti. Anaongeza kwamba raha na usalama vimewalegeza. Kisha anagundua visima, na chini ya visima kuna Morlock wanaoendesha mitambo gizani. Anabadili kauli: kumbe matajiri na wafanyakazi wametengana mpaka wamekuwa viumbe wa aina mbili. Halafu anakuja kutambua nani anamla nani, na hapo hata kauli hiyo inayumba. Wells anamwacha mtu wake akosee mbele yetu, tena na tena, na kila mara kwa kujiamini.

Kazi ya msomaji ni kuandika, kila msafiri anapobadili mawazo, ni kitu gani alichokiona kilichomvunjia hoja. Kwetu aliyewahi kuliko wote alikuwa fundi bomba. Aliposoma kwamba hewa inavutwa kwenda chini kisimani na kuna mdundo unaosikika, alisema pale pana mashine, na penye mashine pana mtu anayeipaka grisi. Wengine tulikuwa bado tunasifia matunda.

Baada ya Wells, kamata mojawapo ya hizi: We ya Yevgeny Zamyatin, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1924, Brave New World ya Aldous Huxley, 1932, Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, 1953, au The Dispossessed ya Ursula K. Le Guin, 1974. Foundation ya Isaac Asimov, 1951, ni tamu, lakini ni mkutano wa wanaume watupu wanaopeana hotuba. Iweke ya nne au ya tano.

Hatua ya pili: mara ya kwanza, kalamu mbali

Soma kama hadithi. Jina la mashine likikushinda, ruka. Ukilala, umelala.

Hatua ya tatu: mara ya pili, daftari na maswali manne

Gawa ukurasa wa daftari mara nne. Juu ya kila sehemu andika swali lake, na kila jibu liwe na namba ya ukurasa, maana bila namba kikao kitageuka kijiwe cha mpira.

Swali la kwanza: nani kashika koki? Usiridhike na jibu la kwanza. Chukua The Moon Is a Harsh Mistress ya Robert Heinlein, ya mwaka 1966. Wakazi wa mwezini wanalima ngano mapangoni kwa maji ya barafu iliyochimbwa, wanaisafirisha duniani, na bei inapangwa na mamlaka moja ambayo ndiye mnunuzi pekee. Kwenye mkutano watu wanapiga kelele za bei. Anasimama profesa mzee, Bernardo de la Paz, anawaambia tatizo si bei: kila shehena inayoondoka inaondoka na maji ambayo hayatarudi. Mama wa zabibu alipofika hapo alifunga kitabu akasema, “Kwa hiyo kila kreti ninayopandisha kwenye basi la Dar imebeba kisima changu.” Hatukuhitaji mhadhara mwingine wa uchumi siku hiyo.

Sasa endelea kufuata. Wale wanamapinduzi wanaochukia serikali yoyote ile wanasaidiwa na kompyuta iitwayo Mike. Mike ndiye anayeongoza hewa, simu na hesabu za mwezi mzima, na wanaojua kwamba ana akili zake ni wachache mno. Uchaguzi ukifika, kura zinapita kwake, na matokeo yanatoka kama wakubwa wa mapinduzi wanavyotaka. Riwaya hii husifiwa kwa uhuru kuliko karibu zote za aina yake, na koki yake iko kwa mashine moja ambayo mwananchi wa kawaida hajui kama inamsikiliza. Sijui kama Heinlein alitaka tulione hilo. Mimi naliona.

Swali la pili: kazi chafu anafanya nani? Hapa Huxley hana mpinzani. Mmoja wa wakuu wa dola yake, Mustapha Mond, anasimulia jaribio la kisiwa cha Cyprus: walipelekwa watu 22,000, wote wa daraja la juu, wenye akili, wakapewa mashamba na mitambo wajitawale. Hakuna aliyetaka kazi za chini, na waliopewa walifanya fitina usiku na mchana ili wapande. Hazikupita miaka sita, vita vikawaka. Walipokufa 19,000, waliobaki waliomba wenyewe watawaliwe tena. Ukiisoma haraka utasema Mond ameshinda. Rudi uangalie ni nani aliyepanga jaribio, na ni nani aliyewalea wale watu toka chupani (maana kwa Huxley watoto hukuzwa ndani ya chupa) wakiamini kwamba kufagia ni aibu. Le Guin anajibu kwa njia nyingine: kwenye ulimwengu wake wa Anarres kila mtu, awe profesa au nani, anatakiwa siku moja katika kumi kushika kazi za jumuiya.

Swali la tatu: akisema hapana, kinampata nini? Andika adhabu, lakini andika pia aibu, kunuiwa vibaya, kunyimwa nafasi. Kwenye We watu wana namba badala ya majina na wanaishi kwenye nyumba za kioo. Pazia linashushwa kwa saa maalumu, kwa kibali. Zamyatin alikuwa mhandisi wa meli, na inaonekana: ile dola haipigi kelele, inapiga hesabu.

La nne, watoto wanalelewa na nani. Linajibika haraka, ila usiliruke.

Hatua ya nne: tafuta ukurasa wa njaa

Nchi ya kubuni ikiwa imeshiba haikuambii kitu. Kila mfumo una adabu siku ya pilau. Kwa hiyo tafuta pale mvua inapokata, na ukipapata, soma kwa sauti, polepole, hata mara mbili.

Kwenye The Dispossessed ukurasa huo uko wazi. Anarres ni mwezi mkavu, wenye vumbi na aina moja tu ya mti. Wafuasi wa mama mmoja aliyeitwa Odo waliihama sayari yenye neema wakaenda kuishi huko bila serikali, bila fedha, bila magereza. Ofisi ya kupanga kazi ipo, lakini mtu anaweza kuikatalia. Kisha unakuja ukame wa miaka. Shevek, mwanafizikia, anajikuta kwenye viwanda fulani akipewa kazi ya kuandika orodha: nani apate mgao kamili, nani apunguziwe kwa sababu amedhoofu na hawezi tena kufanya kazi. Anaiacha. Baadaye anamweleza mwenzi wake, Takver, kwamba kuacha kwake hakukuondoa orodha. Mtu mwingine aliichukua, maana wa kuandika orodha hakosekani.

Siku tuliposoma hapo, mzee wetu wa Mvumi alinyamaza muda mrefu. Hakuwahi kuiona Mtunya, ile njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920, majeshi ya Vita vya Kwanza yalipokwisha kuchukua mifugo, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikagoma. Lakini bibi yake aliipitia. “Bibi hakuwa anatusimulia nani alikufa,” mzee akasema. “Alikuwa anatusimulia nani alikuwa na ghala akafunga mlango.” Mwanafunzi mmoja akamuuliza, “Babu, na waliofunga walikuwa watu wabaya?” Mzee akajibu kwamba mmoja wao ni babu yake mwingine.

Hilo ndilo la kutafuta kwenye ukurasa wa njaa. Mbaya ni nani utamjua mapema tu. Tafuta mtu mwema anafanya nini chakula kikibaki cha nyumba moja.

Onyo moja la vitendo kuhusu kitabu hiki. Sura zake zinapishana: moja iko Urras, ile sayari yenye neema, inayofuata iko Anarres miaka mingi nyuma, na kuendelea hivyo. Nakala yetu ya kwanza ilikuwa kuukuu, uti ukakatika, tukaipeleka kujalidiwa upya. Ilirudi na gamba zuri jekundu na kurasa zimepangwa vibaya. Tulibishana Jumamosi mbili nzima kuhusu ustadi wa mwandishi kuruka nyakati kabla ya mtu kuangalia namba za kurasa.

Hatua ya tano: mtetee mkubwa

Andika majina kwenye vikaratasi, kunja, kila mtu aokote. Atakayeokota jina la mtawala anamtetea kwa dakika kumi, kwa nguvu zote, bila kucheka. Riwaya hizi karibu zote zina mtu wa namna hiyo, na mara nyingi ndiye amesoma kuliko wote: Mond ana Shakespeare kichwani, Kapteni Beatty, mkuu wa wachoma vitabu kwenye Fahrenheit 451, ananukuu vitabu kuliko anavyovichoma.

Beatty ndiye mgumu zaidi. Hoja yake ni kwamba serikali haikuanza. Watu wenyewe walitaka mambo mafupi, mepesi, yasiyomuudhi yeyote. Kitabu kikafupishwa kikawa ukurasa, ukurasa ukawa mstari, na moto ulikuja mwishoni kumalizia kilichokwisha kufa. Binti aliyeokota jina lake aliwaomba watu wote waweke simu mezani, kisha akauliza kila mmoja ataje alichosoma wiki ile kinachozidi kurasa tatu. Tulimshambulia kwa hoja nzuri, lakini tulikuwa tumeinamisha vichwa.

Asiyeweza kumtetea Mond hajamwelewa, na kumpinga kwake ni kelele tu. Ni hatua ngumu kwa wazee, ambao huona kama unawafundisha watoto jeuri. Waeleze mapema.

Hatua ya sita: jadilini kwa Kiswahili, hata kama kitabu ni cha Kiingereza

Sisemi hivi kwa uzalendo. Neno likikataa kutafsirika, hapo ndipo penye falsafa. Watu wa Anarres wana tusi moja kubwa, la mtu anayependa kumiliki. Tuliligombania. Wanafunzi walitaka “bepari”. Mwalimu mwenzangu akataka “mbinafsi”. Mama wa zabibu akasema “mchoyo”, na akafafanua: bepari lazima awe na mali, mchoyo hata maskini anaweza kuwa. Tulitumia jioni nzima kuamua kama Le Guin anaogopa mabepari au wachoyo. Mimi nadhani sura za mwisho zinamuunga mkono mama.

Lugha ya Anarres, Pravic, inakwepa “yangu”. Mtoto akikua anaacha kusema “mama yangu”, anasema “mama” basi. Binti wa Shevek humwambia mtu kwamba wanaweza kushirikiana leso anayoitumia yeye. Msomaji wa Kiingereza hushangaa sana hapo. Sisi tunaosema “nyumbani kwetu” hata kama mtu anaishi peke yake na paka, hatuna haja ya kushangaa. Tuna haja ya kuuliza kama “kwetu” hiyo imewahi kumzuia mtu kufunga ghala. Kwa njia, yule binti anaitwa Sadik. Majina ya Anarres hutolewa na kompyuta, hivyo usijenge nadharia juu yake, ila msomaji wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu.

Hatua ya saba: weka kando yake kitu cha hapa

Usimalize kitabu bila kukilaza ubavuni mwa jambo lililotokea, au kitabu kilichoandikwa, karibu nawe.

Kwa wasiosoma Kiingereza, njia rahisi ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951. Ni nchi iliyo angani. Karama anashitakiwa kwa kufundisha sheria, na utetezi wake ni habari za wajumbe waliotumwa pande zote, wakarudi na mawazo mazuri, wakaambulia kifungo. Weka pembeni maneno mawili tu, sayari na roketi, na hiyo ni ndugu wa hizi tunazozungumzia. Maswali manne yanafanya kazi vilevile. La tatu ndilo kitabu kizima.

Kwa Foundation, nenda Kongwa. Kwenye riwaya, Hari Seldon anapiga hesabu ya mamia ya miaka ya watu wote wa galaksi, na anakiri kwamba hesabu yake haimwoni mtu mmoja mmoja. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka Kongwa kwa mpango wa karanga uliolenga zaidi ya ekari milioni tatu Afrika Mashariki na Kati, ili Uingereza ipate mafuta ya kupikia. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Mibuyu iligoma, udongo wa kiangazi ukakauka kama saruji, mvua ikafuata ratiba yake. Januari 1951 mpango uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimezama. Kwenye kitabu kinachofuata cha Asimov anatokea mtu asiyetabirika, Mule, anayevuruga hesabu zote za Seldon. Tangu siku ile kwetu mpango wowote ukikwama tunaulizana, “Udongo umesemaje?”

Kwa Le Guin na Zamyatin, jambo la hapa ni vijiji vya ujamaa: Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, halafu agizo la 1973 kwamba wananchi wote wahamie vijijini. Hapa nenda taratibu, na mpe nafasi aliyekuwepo. Mzee wetu alihamishwa akiwa kijana. Anasema walipata shule na bomba, na ng’ombe wakabaki mbali na malisho. Husema yote mawili kwa sauti ileile, na ukimbana achague moja anakuuliza kama umeshakunywa kahawa.

Hatua ya nane: kikao chenyewe

Saa mbili zinatosha. Anza na mtu mmoja kusimulia sura kwa Kiswahili, dakika kumi na tano, ili asiyesoma asifukuzwe na aibu. Kisha madaftari, swali moja tu kwa kikao. Mwenyekiti azunguke, asiwe mwalimu kila mara. Sisi walimu tuna ugonjwa wa kujibu. Mzee akiingia katikati watu wanasimama kumwamkia, “Mbukwenyi” zinapokelewa, mjadala unaendelea ulipoishia. Usijaribu kuzuia hilo.

Vitabu vya kikundi ni vichache, kwa hiyo vinazunguka wiki tatu tatu. Lazima awepo mtu wa kuandika nani amechukua, nani anafuata, na nani amecheleweshewa zamu kwa sababu aliwahi kurudisha kitabu kina mafuta ya chapati. Kazi hiyo nilijitolea mimi mwaka wa kwanza na hakuna aliyenipokea mpaka leo. Kila nikifungua daftari lile mwisho wa kikao, mama wa zabibu ananitazama kwa juu ya miwani yake, anamgeukia jirani: “Unaona? Wa kuandika orodha hakosekani.”